Gereji ya Wasomaji: Peugeot 504, tope la Safari na gasketi zisizokaa

Barua za mwezi huu karibu zote ni za Pijo. Tumechagua saba. Nyingine zilikuwa zinarudia mambo yaleyale ya kuchemsha, kwa hiyo jibu la msomaji wa Lushoto tumelirefusha makusudi.

Baba yangu husema Peugeot ndiyo iliyotawala Safari Rally, lakini nikisoma takwimu naona injini yake ilikuwa ya kawaida tu. Mwaka 1975 ilizishindaje Lancia Stratos? — Msomaji, Nakuru

Mzee hajakosea, ila huenda anachanganya magari mawili. Utawala wenyewe ulikuwa wa 404. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda nayo mwaka 1963 na tena 1968. Katikati hapo, Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania walichukua 1966 na 1967. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na yaliyorudi yalikuwa 7 tena. Miaka yote miwili mvua ilinyesha bila huruma, na miaka yote miwili ya kwanza kufika ilikuwa 404. Ushindi wa 504 ni miwili: 1975 kwa Ove Andersson na Arne Hertz, na 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas na Jean-Claude Lefèbvre.

Sasa kuhusu hizo Stratos. Sandro Munari alikuwa wa pili mwaka 1975 na Björn Waldegård wa tatu, wote kwenye Stratos, gari lililoundwa kwa ajili ya rali tangu mwanzo: V6 ya lita 2.4 kutoka kwa Ferrari Dino, injini nyuma ya dereva, na umbali wa sentimita 218 tu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ufupi huo ni dawa kwenye kona za milimani Corsica. Kwenye barabara ya udongo iliyochimbwa na malori, gari fupi linarukaruka kama mbuzi na kila shimo linaingia kwenye bodi. 504 ina sentimita 274. Springi zake ni ndefu na laini, gurudumu lina nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, na shokapu Peugeot walizitengeneza wenyewe badala ya kununua za kiwanda kingine, kwa hiyo zililingana na springi tangu kwenye ubao wa mchoro.

La pili ni namna mashindano yalivyohesabiwa. Safari ya wakati ule ilikimbiwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea, kwenye barabara zilizo wazi kwa umma, maelfu ya kilomita. Uliadhibiwa kwa dakika za kuchelewa kwenye kituo. Gari la kasi likisimama nusu saa kubadilisha mkono wa sasipensheni limepoteza zaidi ya lilichopata kwa kukimbia siku nzima. Injini ya 504 ile, silinda nne za sentimita za ujazo 1971 na mfumo wa kupuliza mafuta wa Kugelfischer, ilitoka kiwandani na nguvu farasi zaidi kidogo ya 100. Ya mashindano iliongezwa, lakini asili yake ni ileile unayoipata chini ya boneti la gari la mwalimu mkuu.

504 yangu ya mwaka 1977, injini ya kabureta, inachemsha kila nikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Gasketi ya silinda hedi imebadilishwa mara mbili mwaka huu, fundi wawili tofauti. Nimeambiwa nitafute injini nyingine. — Msomaji, Lushoto

Usitafute injini nyingine bado. Gasketi ikiungua mara mbili ndani ya mwaka, kosa si la gasketi.

Injini ya 504 ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu, na silinda zake ni laina za maji: kila laina ni bomba la chuma linalosimama peke yake ndani ya bloku, maji yakilizunguka. Kwa juu linabanwa na hedi. Kwa chini linakaa juu ya sili nyembamba inayozuia maji yasishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Laina hutakiwa kuchomoza juu ya uso wa bloku kwa sehemu chache za mia za milimita, ili hedi ikikazwa ibane laina kwanza. Laina moja ikiwa chini kuliko jirani yake, gasketi haibanwi pale, na moto unapenya. Hapo hata uweke gasketi ya dhahabu.

Namna laina inavyoharibiwa gereji ni hii. Fundi anafungua hedi, anaiona imeng'ang'ania, anaingiza tindo na kuinyanyua moja kwa moja. Hedi inapanda na laina imeshikamana nayo. Sili ya chini inaachia, uchafu unaingia chini ya laina, na haikai tena mahali pake. Au hedi imeshatoka salama, kisha mtu anazungusha krankshafti ili apangue pistoni vizuri, na pistoni inavuta laina juu. Ndiyo maana kitabu cha kiwanda kinataka laina zibanwe kwa vipande vya chuma na bolti mara tu hedi inapotoka. Gereji nyingi hazina vibanio hivyo. Vyuma bapa vya duara vya kuwekea chini ya bolti (washa), vinne vikubwa, na bolti nne za zamani vinatosha.

Mwambie fundi wako afuate hivi. Injini ipoe kabisa, usiku kucha ikiwezekana. Maji yamwagwe kwenye rejeta na pia kwenye bolti ya kumwagia iliyo ubavuni mwa bloku, ambayo wengi hawaigusi. Ikitoa tope badala ya maji, mmeshapata nusu ya jibu. Bolti za hedi zilegezwe kidogo kidogo kutoka nje kuelekea katikati. Hedi isinyanyuliwe: ichezwe kulia na kushoto kwa fimbo mbili zilizoingizwa kwenye matundu ya bolti hadi iachie gasketi, ndipo inyanyuliwe. Hapohapo laina zibanwe.

Kisha ipimwe kila laina kwa saa ya kupimia au rula iliyonyooka na fila (bamba jembamba la kupimia nafasi), sehemu nne za mzunguko, na vipimo viandikwe kwenye karatasi. Kiasi kinachotakiwa kiangaliwe kwenye kitabu cha injini yako maana injini ya XM (sentimita za ujazo 1796) na ya XN (1971) hazifanani kwa kila kitu. Zisipolingana, laina zitoke, bloku isafishwe ndani (tope la kutu hukaa chini kuzunguka laina za nyuma na huwa gumu kama saruji), na zirudi na sili mpya za chini. Sili hizo huuzwa za unene tofauti kwa kazi hiyohiyo ya kusawazisha. Hedi nayo ilazwe rula: fila ya 0.05 mm ikipita popote, iende kwa mtu wa mashine. Matundu ya bolti kwenye bloku yakaushwe, kwa kuwa oili au maji yaliyobaki chini yataifanya tokspana (spana inayopima nguvu ya kukaza) iseme bolti imekaza kumbe imegonga maji.

Baada ya kufunga, hedi inakazwa upya baada ya kilomita kama 1,000, injini ikiwa imepoa, kisha vali zinapimwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu gari linakuwa linaenda vizuri na mwenye gari haoni haja ya kurudi.

Kabla ya kufungua chochote, lakini, angalia feni. Feni ya 504 haizunguki muda wote. Inashikwa na sumaku ya umeme pale swichi ya joto inapoiamuru, na umeme unafika kwa kaboni ndogo inayosugua nyuma ya puli. Kaboni ikiisha, au waya ukikatika, feni inabaki inazungushwa na upepo tu. Kwenye barabara tambarare hutagundua. Kwenye mlima, gia ya pili, upepo hakuna, inachemsha, hedi inajikunja, gasketi inaungua, na fundi anabadilisha gasketi. Jaribio: injini ikiwa imezimwa, swichi ya funguo imewashwa, unganisha waya wa swichi ya joto na bodi. Usikie "tak" ya sumaku kushika. Kimya maana yake kaboni, waya au fyuzi. Nafasi kati ya sumaku na bamba la feni ni karibu theluthi ya milimita na hurekebishwa kwa skrubu tatu zilizo mbele ya feni. Ukikwama njiani, kaza skrubu hizo tatu hadi feni ishikane na puli moja kwa moja. Itakula mafuta zaidi na kupiga kelele, lakini utafika Lushoto.

Na utofautishe dalili. Mapovu kwenye rejeta na bomba la juu kuwa gumu asubuhi ni gasketi ya juu. Maji kupungua bila mapovu, na oili ya sampu kuwa rangi ya chai ya maziwa, ni sili ya chini ya laina. Fundi wawili hao huenda walikuwa wanatibu ugonjwa wa juu huku maradhi yako chini.

Nimebadilisha waya za plagi, sasa injini inabisha na kupiga mlipuko kwenye ekzosi. Mpangilio ni 1-3-4-2 kama vitabu vinavyosema. — Msomaji, Kisumu

Umehesabu kuanzia kwenye rejeta. Peugeot huhesabu kuanzia upande wa flaiwili: silinda ya kwanza ni ile iliyo nyuma kabisa, karibu na ukuta unaotenganisha injini na dereva. Geuza uhesabu upya.

Nawezaje kuweka vali za XN1 (ile injini ya 1971 ya kabureta) bila kutafuta alama kila mara? — Msomaji, Arusha

Injini ikiwa baridi kabisa, vali ya kuingiza 0.10 mm na ya kutoa 0.25 mm. Ng'oa plagi ili injini izunguke kwa urahisi. Vali ya kutoa ya silinda 1 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya kuingiza ya 3 na ya kutoa ya 4. Ya kutoa ya 3 ikifunguka, pima kuingiza 4 na kutoa 2. Ya 4, pima kuingiza 2 na kutoa 1. Ya 2, pima kuingiza 1 na kutoa 3. Umemaliza kwa mzunguko mmoja wa mpangilio.

Andika vipimo ulivyovikuta kabla ya kuvirekebisha. Tangu petroli yenye risasi iondoke sokoni, swali la viti vya vali limekuwa la kila mwezi hapa. Nafasi ya vali ya kutoa ikiwa inazidi kupungua kila ukipima, kiti kinaliwa na vali inazama kwenye hedi. Ikibaki palepale baada ya kilomita 5,000, acha kuhangaika na vichupa vya kuongeza kwenye tangi. Ikipungua, viti vigumu viwekwe siku hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine.

Ninalo 504 Break (stesheni wageni) la kubeba familia. Je, sasipensheni yake ndiyo ile ya gari la 1975? Nataka pia kulinyanyua liwe kama la rali. — Msomaji, Dodoma

Mbele ndiyo, nyuma sivyo. Saloon ya 1975 ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na mkono wake na springi yake. Break lina ekseli nzima na springi za mviringo nne, mbili kila upande, kwa ajili ya mzigo. Hizo ndizo zilizobeba abiria na magunia kwenye teksi za masafa marefu Kenya, na kwa kazi hiyo zinaishinda saloon mbali. Kumbuka pia kwamba 504 L ya kuanzia 1973, ingawa ni saloon, ina ekseli nzima. Wengi wananunua L wakidhani ni GL, ambayo magurudumu yake ya nyuma yanajitegemea.

Kunyanyua: kwenye Break ni rahisi kuliko saloon, lakini usizidishe sentimita 3. Mambo yanayoharibika kwanza ni mipira ya breki, ambayo huvutika gurudumu likining'inia, na shokapu, ambazo ndizo zinazozuia gurudumu lisishuke kupita kiasi. Springi ndefu na shokapu fupi maana yake kila shimo shokapu inagonga mwisho wake hadi ing'oke. Jeki gari hadi magurudumu yaning'inie na uone kama mipira bado imelegea. Kwa wenye saloon kuna la ziada. Mkono wa nyuma unavyoshuka, gurudumu linainama kwa juu kuelekea nje, tairi linaliwa upande mmoja, na viungo vya shafti za nyuma vinafanya kazi kwenye pembe kali hadi mipira yake ipasuke. Timu za mashindano hazikutafuta urefu wa maonyesho. Ziliweka springi ngumu kidogo, shokapu bora, bamba zito chini ya sampu, na kuongeza chuma pale bodi inapochoka. Taa za pembeni mwa boneti zilikuwa za kuonwa na wenye magari wengine barabarani. Na vile vishikio na vikanyagio nyuma ya buti vilikuwa vya mwongozaji kusimama na kurukaruka gari likikwama kwenye tope. Hivyo vya mwisho unaweza kuviiga kwa gharama ndogo, ukipata shemeji wa kuruka.

Nimeonyeshwa 504 GL nzuri Mombasa, rangi mpya. Nitazame wapi kabla ya kutoa pesa? — Dada msomaji, Malindi

Dada, rangi mpya Mombasa ndiyo ya kuogopa kwanza. Beba tochi, sumaku ndogo na bisibisi. Fungua boneti utazame minara miwili ambako sehemu ya juu ya springi za mbele imefungwa. Chuma hapo kinapasuka kwa mistari myembamba inayotoka kwenye bolti, hasa gari lililotumika barabara za vumbi, na rangi nene huficha mistari hiyo. Kama bolti tatu haziko usawa mmoja, mnara umeshasukumwa juu. Inatengenezeka: bodi inarudishwa, ufa unatobolewa mwisho wake usiendelee, unachomelewa, kisha bamba la mm 2 linafunika eneo lote. Lakini bei ishuke ipasavyo.

Kisha lala chini. Kizingiti cha mlango, sehemu za kuwekea jeki na sakafu chini ya kiti cha nyuma ndipo chumvi inapokaa. Bisibisi ikizama, achana nalo. Tazama mipira ya shafti za nyuma; grisi iliyorushwa pande zote ni dalili ya kiungo kilichokaa bila mpira muda mrefu. Vuta usukani kulia na kushoto gari likiwa limesimama usikie kama reki inagonga.

La mwisho ni klachi, na hapa watu hupunjwa. 504 saloon ina propela shafti ndani ya bomba zito linalounganisha giaboksi na difu. Giaboksi haliwezi kutoka mpaka bomba hilo na difu visukumwe nyuma, au injini itolewe. Saa za kazi ni nyingi. Klachi ikiteleza siku ya majaribio, usikubali kuambiwa "ni kitu kidogo, laki moja tu".

Nina 504 TI, ile ya kupuliza mafuta. Mafundi wote wananishauri nitoe pampu ya Kugelfischer niweke kabureta. Pia, 404 ya mjomba inavuma difu. Niongeze oili gani? — Msomaji, Kampala

TI kwanza. Pampu ile ni ya mitambo mitupu, inazungushwa na mkanda wa meno na inapima mafuta kwa milimita chache za mwendo wa pistoni zake. Inaogopwa kwa sababu haifahamiki. Nyingi tunazoambiwa zimekufa, tatizo huwa ni vijiti vinavyounganisha kipepeo cha hewa na mkono wa pampu. Vifundo vyake vikilegea hata milimita moja, hewa na mafuta havikubaliani tena: gari linatoa moshi mweusi likiwa polepole na linakosa nguvu ukikanyaga. Badilisha vifundo, rudisha urefu wa vijiti kama kitabu kinavyosema, na usiguse skrubu zilizo kwenye pampu yenyewe. Halafu angalia kifaa cha joto kinachoongeza mafuta asubuhi. Kikinata, gari hunywa siku nzima kama limeamka sasa hivi. Chujio la petroli libadilishwe mapema kuliko unavyodhani, maana vumbi likiingia kwenye pistoni za pampu, hapo kweli imekufa. Mkanda wa meno ukiruka jino moja, mpangilio wote unapotea.

Ukiamua kabureta hata hivyo, chukua seti nzima ya XN1: manifoldi, kabureta, vijiti vya akselereta, na pampu ya petroli ya kawaida. Usiiache pampu ya umeme ya TI ilishe kabureta. Msukumo wake ni mkubwa mno kwa sindano ya floti, petroli itafurika juu ya ekzosi yenye moto, na gari litaungua.

Difu ya 404 ni jambo jingine kabisa. Kwenye 404 nyingi difu si ya gia za kawaida: ni parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba. Oili ya difu za kisasa, ile ya EP (ya kuhimili mgandamizo mkubwa) yenye salfa nyingi, inaila shaba hiyo polepole. Kama mjomba alijaziwa oili ya kawaida ya lori, uvumaji umetokea hapo. Imwage oili ikiwa ya moto uichuje kwenye kitambaa cheupe. Vumbi la rangi ya dhahabu kidogo ni la kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho ni gurudumu linalokwisha. Jaza oili iliyoandikwa wazi kwenye kopo kuwa ni ya gia za parafujo na haidhuru shaba, endesha kilomita 500, imwage tena kwa kitambaa kingine cheupe, na ulinganishe vitambaa viwili.